Mkutano wa wanablogu umekuacha mikono mitupu? Tutafute hitilafu ilikoanzia

Kila mkutano wa wanablogu ukimalizika hapa Mwanza, ndani ya wiki moja napokea simu za malalamiko. Mtu amefunga duka siku mbili, amelipa nauli, amelala kwa ndugu, amerudi na fulana na kalamu, na blogu yake iko palepale ilipokuwa. Inaniuma kuyasikia, kwa sababu karibu kila mara naona mahali ambapo siku zake mbili zilipotelea, na naona kwamba zingeweza kuokolewa.

Fundi wa injini za boti pale Kirumba hafungui injini kabla hajaangalia kama tenki lina mafuta. Anaanza na kinachoonekana, anarudi nyuma kwenye kinachosababisha, ndipo anashika spana. Nimejaribu kufanya hivyohivyo hapa. Tafuta malalamiko yanayofanana na yako uanzie hapo, huna haja ya kusoma yote kwa mpangilio.

"Hata posho hawakutoa"

Naanza na hili ingawa wengi hulisema kwa sauti ya chini. Chanzo chake ni kuchanganya mikutano ya aina mbili. Kuna warsha za miradi, ambako unasaini karatasi asubuhi na kuondoka na bahasha jioni. Na kuna mkutano wa jamii, unaoandaliwa na wanablogu wenyewe kwa kujitolea: ukumbi wa kuombwa, chai ya kuchangishana, watoa mada wasiolipwa. Katika huo wa pili, aliyekukaribisha mlangoni huenda ndiye aliyebeba viti tangu alfajiri.

Uliza kabla ya kutoka nyumbani: kiingilio ni shilingi ngapi, chakula kipo, nauli inarudishwa? Kama jibu ni hapana, piga hesabu uone kama una swali linalostahili gharama hiyo. Kama huna, baki nyumbani uandike, na hakuna atakayekulaumu. Ila ukija huku moyoni unasubiri bahasha, utakaa karibu na mlango siku nzima, na hutasikia kitu.

"Nilifika wenzangu wanakunywa chai ya saa nne"

Chanzo: jiografia ya ziwa. Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, anafuata ratiba ya meli, siyo ratiba ya mkutano. Anayetoka Bukoba kwa meli husafiri usiku kucha na kushuka asubuhi akiwa na usingizi. Wa Musoma anashukia Nyamhongolo, wa Shinyanga anashukia Nyegezi, na kutoka stendi zote mbili bado kuna daladala na foleni mpaka mjini. Waliopata nafuu ya kweli ni wa Sengerema na Geita: tangu Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, hawasubiri tena kivuko pale.

Dawa ni kuingia mjini jana yake. Najua ni gharama ya usiku mmoja. Lakini saa ya kwanza, kabla ya hotuba, ndiyo saa yenye faida kuliko zote, na sababu nitaieleza kwenye tatizo linalofuata. Kama huwezi kulala mjini, wapigie waandaaji uwaambie unatoka wapi. Nimewahi kuona ratiba ikisogezwa kwa nusu saa kwa sababu watu wanne wa Ukerewe walipiga simu mapema.

"Nimekaa siku nzima, sijaongea na mtu"

Hili ndilo linalopoteza watu wengi kuliko mengine yote, na lina vyanzo zaidi ya kimoja. Jiulize kipi ni chako.

Chanzo cha kwanza: ulikuja na kundi lako. Mlipanda gari moja, mkakaa safu moja, mkala meza moja, mkarudi pamoja. Mlichoongea huko mngeweza kukiongea kijiweni kwenu. Kubalianeni njiani kwamba mkiingia ukumbini mnatawanyika, kisha jioni kila mmoja awasimulie wenzake kuhusu mtu mmoja aliyekutana naye. Kundi la watu watano likifanya hivyo linarudi na watu watano wapya.

Cha pili: ulifika ukumbi umejaa. Ukiwa wa ishirini kuingia, watu wanasalimiana na kila anayeingia. Ukiwa wa mia moja na ishirini, unanyemelea kiti cha nyuma. Ndiyo maana nasisitiza ile saa ya kwanza. Na kama una haya kama nilivyokuwa mimi miaka ya mwanzo, jiandikishe kusaidia mezani pa usajili. Kazi ile inakulazimisha kumsalimia kila mtu, kuuliza jina lake na anaandika kuhusu nini. Hakuna anayekushangaa, maana uko kazini. Mpaka saa tatu unusu utakuwa unamjua mwandishi wa mambo ya kilimo kutoka Magu, kijana wa muziki kutoka Igoma na mwalimu anayeandika hadithi za watoto.

Cha tatu: ulimfuata mtu vibaya. Hapa kwetu huwezi kumvamia mtu mzima na simu mkononi ukamwambia, "Naomba namba." Mzee aliyeandika magazetini kabla hujazaliwa, mwanzie na shikamoo, ngoja marahaba, mwulize safari. Kanda hii wengi ni Wasukuma, na "mwangaluka" ya asubuhi iliyotamkwa kwa heshima inafungua mazungumzo hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo. Halafu sema unachotaka kwa sentensi moja. Watu wazima hawachukii kuulizwa. Wanachochukia ni kuulizwa na mtu asiyewasalimia.

Nina desturi moja ninayoipenda: nabeba matobolwa na karanga kwenye mfuko. Wakati wa mapumziko naweka mezani na kukaribisha. Viazi vilivyochemshwa na kukaushwa vina namna ya kumfanya mtu wa Dar aulize, "Hivi ni nini?", na mtu wa Kwimba amjibu kabla yangu, na tayari watu watatu wasiofahamiana wanazungumza.

Anayedhani maongezi ya pembeni ni kupoteza muda, namkumbusha mwaka 2005. Issa Michuzi, wakati huo mpigapicha wa gazeti, alikuwa Helsinki kwa ajili ya mkutano. Huko alikutana na Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa anablogu kwa Kiswahili, na Ndesanjo ndiye aliyemsaidia kuanzisha blogu. Ile Blogu ya Michuzi tuliyoisoma Watanzania wengi, waliopo nyumbani na ughaibuni, ilizaliwa namna hiyo: mtu mmoja akikaa na mwenzake na kumwonyesha.

"Mada zote hazikunihusu"

Angalia kwanza kama ulisoma ratiba kabla ya siku yenyewe. Wengi huisoma wakiwa wamekaa. Ratiba ikitoka, isome ukiwa na kalamu, weka alama kwenye mada mbili tu ambazo huwezi kuzikosa, na muda mwingine uuache wazi kwa ajili ya watu.

Kama ulisoma na bado ukajikuta kwenye chumba kisichokufaa, ondoka. Najua kwa malezi yetu ni vigumu kusimama mtu akiwa anaongea. Lakini katika mikutano ya wazi, ile ambayo washiriki hupanga mada wenyewe asubuhi ileile, kuna kanuni iliyoachwa na Mmarekani Harrison Owen inayoitwa kanuni ya miguu miwili: kama mahali ulipo hujifunzi wala huchangii, tumia miguu yako uende kwingine. Kaa kiti cha pembeni tangu mwanzo, toka kimyakimya kati ya slaidi na slaidi, na hutakuwa umemvunjia mtu heshima.

Na kama asubuhi kuna ubao mtupu wa kuandika mada, andika ya kwako. Siyo lazima uwe mtaalamu. "Nani amewahi kuandika kuhusu bei za samaki bila kugombana na madalali?" ni mada nzuri kabisa. Ukijaza watu wanne, hao wanne ndio uliowafuata.

"Nilishindwa kufuata lugha"

Mtoa mada anapochanganya maneno ya Kiingereza ya ufundi, nusu ya ukumbi inatikisa kichwa bila kuelewa, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nyosha mkono useme, "Naomba utufafanulie hapo kwa Kiswahili." Utasikia viti vikilia kwa watu kukaa vizuri. Ukiogopa kusema mbele ya wote, mwandikie mwendesha kikao kikaratasi. Waandaaji nao wana lawama hapa: mkutano wa wanablogu wanaoandika kwa Kiswahili hauna sababu ya kuendeshwa kwa lugha nyingine, na ninawaambia hivyo kila wanaponishirikisha.

"Daftari limejaa, blogu haijabadilika"

Fungua daftari hilo. Nina hakika kilichomo ni maneno ya watoa mada: "Maudhui ni mfalme," "Mjue msomaji wako," "Andika mara kwa mara." Hakuna mstari hata mmoja unaosema Jumatatu utafanya nini. Chanzo ni kwamba ulikwenda kusikiliza bila kubeba kitu chako kilichokwama. Ukienda kwa fundi bila redio iliyoharibika, atakueleza redio zinavyofanya kazi, na ya kwako itabaki imenyamaza nyumbani.

Kwangu jambo hili lilieleweka mwaka ambao makala zangu za soko la samaki la Mwaloni zilikuwa zinafunguliwa na kuachwa ndani ya sekunde chache. Takwimu za blogu zilinionyesha hivyo, lakini hazikuniambia kwa nini. Nilidhani uandishi wangu umechuja. Nikaenda mkutanoni na swali hilo moja. Wakati wa chakula nikamwona mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa amemsindikiza binti yake. Nikamwamkia, nikamwomba afungue blogu yangu kwa simu yake mwenyewe na kwa bando lake, nami nikae pembeni nitazame.

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Akabonyeza linki. Skrini ikawa nyeupe. Akaisogeza simu karibu na uso, akairudisha. Kichwa cha habari kikatokea, kisha kikarukia chini kwa sababu juu yake picha ilikuwa inaanza kujichora: ukanda mwembamba wa anga, halafu ukanda wa mabati, halafu hakuna kitu. Kidole chake kilikuwa kinangoja juu ya kioo. Akabonyeza tena akidhani hakubonyeza vizuri, na ukurasa ukaanza upya. Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, hii inanimalizia bando na sijaona kitu." Akafunga.

Hakuwa amefika hata kwenye sentensi yangu ya kwanza. Picha zile nilikuwa nazipandisha kama zilivyotoka kwenye kamera ya simu, kila moja zaidi ya MB 4, na makala moja ilikuwa na picha sita. Kwangu zilifunguka haraka kwa sababu nilikuwa nazitazama kwa intaneti ya ofisini, na simu yangu ilikuwa imeshazihifadhi. Jioni ileile kijana niliyekutana naye meza ya usajili alinionyesha jinsi ya kuzipunguza mpaka upana wa pikseli 1,200, na kila picha ikashuka chini ya KB 200. Macho hayaoni tofauti kwenye simu. Bando linaiona.

Ni kwa sababu hiyo naipenda mikutano hii. Mafunzo mengi ya kublogu unaweza kuyapata ukiwa kitandani. Lakini kumwona msomaji akiwa na kazi yako mkononi, akikunja uso pale anapokunja, kunahitaji mkae ngazi moja. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, andika swali moja kuhusu kitu chako kilichokwama. Siyo "nitakuzaje blogu yangu?", bali kitu ambacho mtu anaweza kukitazama akakujibu: "Kwa nini watu wanasoma habari za mahindi na hawasomi za pamba?" "Kichwa hiki cha habari unakielewaje?" Liulize kwa watu watano tofauti. Na kwenye daftari, gawa ukurasa kwa mstari katikati: kushoto walichosema, kulia utakachofanya na siku utakayofanya. Upande wa kulia ukibaki mtupu mpaka saa nane mchana, acha kusikiliza mada, toka nje utafute mtu.

"Simu ilizima saa nane"

Ukumbi una soketi nne na watu mia. Beba pawabanki iliyojaa, na kama una waya wa kuongezea soketi uje nao, utapata marafiki. Usitegemee intaneti ya ukumbi: watu wote wakirusha picha kwa pamoja hata mtandao wa simu hulemewa. Pakua ratiba na ramani ukiwa nyumbani. Namba za watu andika pia kwenye karatasi.

"Nilitoa mada, watu wakasinzia"

Ulipangiwa baada ya ugali na sato? Basi nusu ya lawama ni ya saa, siyo yako. Omba kupangiwa kabla ya chakula, na ukikosa, anza kwa kuwasimamisha watu wajibu swali kwa kunyosha mikono.

Nusu nyingine ni slaidi zilizojaa maandishi na wewe ukizisoma. Weka picha moja na maneno machache kwenye kila slaidi, simulia kosa moja ulilofanya na ulivyolirekebisha. Hifadhi slaidi pia kama PDF kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya ukumbini inaweza isiwe na programu yako. Kama unataka kuonyesha tovuti, piga picha za skrini kabla, usisubiri mtandao mbele ya watu. Uliza mapema projekta inapokea waya wa aina gani. Na malizia dakika tano kabla ya muda wako, maswali ndiyo yanayowaamsha.

"Nimerusha picha za mkutano, nimeletewa ugomvi"

Mtu anaweza kuwa amekuja bila mwajiri wake kujua, au anaandika kwa jina la kalamu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na uso wa mtu unaotambulika ni taarifa yake. Omba ruhusa kabla ya kupiga, taja utaiweka wapi. Watoto waliokuja na mama zao usiwapige kabisa bila mama kukubali. Mtu akikuomba uiondoe, iondoe kwanza, maelezo baadaye.

"Nilirudia nilichosikia kuhusu leseni, kumbe kimepitwa na wakati"

Hili ni hatari zaidi ya linavyoonekana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoleta leseni kwa wanablogu, zilitoka 2018, zikatungwa upya 2020, na baadaye zikafanyiwa marekebisho. Ada na masharti yamebadilika humo njiani, na ukumbini utamkuta mtu anayeeleza ya 2018 kwa uhakika wote. Hana nia mbaya, ndiyo aliyoyasoma. Ukisikia jambo lolote la kisheria au la ada, mwulize msemaji: ni kanuni ipi, ya mwaka gani? Asipojua, usiliandike. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Nenda uulize, upewe maandishi, ndipo uwaambie wasomaji wako.

"Niliowachukulia namba hawajibu"

Nionyeshe ulichowaandikia. Mara nyingi ni "Mambo" tupu, au "Naitwa fulani, tulikutana mkutanoni, tushirikiane." Mtu aliyebadilishana namba na watu arobaini hakukumbuki kwa hilo, na hajui akujibu nini. Chanzo kingine ni muda: ulisubiri wiki tatu, sura yako ikawa imefutika.

Andika ndani ya siku tatu, kwa watu watatu au wanne tu. Mkumbushe mlikuwa wapi, mwambie ulivyokifanyia kazi alichokushauri, kisha mwombe kitu kidogo kinachojibika. Mimi yule kijana wa picha nilimwandikia hivi: "Habari za jioni, mdogo wangu. Ni mimi wa picha za Mwaloni zilizokuwa zinachelewa. Nimezipunguza zote kama ulivyonionyesha. Naomba ufungue hii moja kwa simu yako uniambie ukiwa huko Igoma inachukua muda gani." Alijibu baada ya dakika kumi: sekunde nne, na akaongeza kwamba kichwa cha habari bado ni kirefu mno kwenye kioo kidogo.

Yule mama naye sikumsahau. Nilimtumia linki kupitia kwa binti yake, pamoja na shikamoo na maelezo kwamba nimerekebisha.

Ukimwandikia mtu namna hii na wiki ikapita kimya, mwandikie mara moja nyingine, ukiwa na jambo jipya la kumwambia. Akinyamaza tena, mwache apumzike, umwandikie anayefuata kwenye karatasi yako.